Gari Lisilonguruma Uani kwa Wakwe

Leo nimeaibika mbele ya jogoo.

Si mbele ya jogoo peke yake, kwa bahati mbaya. Walikuwapo wazee, walikuwapo ng'ombe, na alikuwapo mama mkwe wangu mtarajiwa, mwili mzima ukiwa na sabuni. Lakini aliyeshuhudia tangu mwanzo hadi mwisho ni jogoo, na kwa jinsi alivyokuwa akinitazama kwa jicho moja, kisha akageuka kunitazama kwa la pili ili ahakikishe, najua ananidharau hadi saa hii. Ana haki.

Mnanijua, marafiki wa humu. Mimi ndiye Ambetsa, yule anayewahubiria kila juma kuhusu hewa safi. Mimi ndiye niliyemwandikia mwenzetu mmoja, alipoweka picha ya pikapu yake mpya ya dizeli, kwamba anajivunia kumiliki bomba la moshi lenye viti. (Alinijibu kwa kicheko tu. Leo nakielewa kicheko kile.) Mimi ndiye niliyetangaza hapa hapa, kwa maneno mazito kama ya mtu anayeapishwa, kwamba nitakwenda ukweni kwa mara ya kwanza bila kuchoma tone la petroli. Mlinipongeza. Wengine mliniwekea vidole gumba. Naomba mviondoe kabla sijaendelea.

Gari lenyewe si langu. Ni la Mjomba Lihanda, kaka yake mama, ambaye alilinunua likiwa limetumika, na hulitumia kwenda kanisani na kurudi hapa hapa Kakamega mjini. Ni gari la mseto: lina injini ya petroli kama mengine, lakini lina pia mota na betri unayoichaji ukutani kama simu. Betri ikiisha, injini huamka na safari ikaendelea. Ndivyo watengenezaji walivyokusudia. Mimi nilikuwa na makusudio yaliyo bora zaidi kuliko ya watengenezaji.

Kilichonipumbaza ni breki zake. Gari la kawaida likipunguza mwendo, nguvu ile yote huishia kuwa joto kwenye magurudumu, ikapotea bure. Hili, ukiondoa mguu au ukigusa breki taratibu, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu ile kwenye betri. Ukiteremka mlima, unaona kwa macho yako kilomita zikiongezeka kwenye kioo cha dashibodi. Sehemu ya nguvu, nimesema. Lisomeni vizuri neno hilo, kwa maana mimi, pamoja na shahada yangu, sikulisoma.

Jana jioni Mjomba alinikabidhi funguo kwa huzuni ya mtu anayeaga.

"Mpwa wangu, taa ya petroli imewaka siku nyingi. Tia kidogo kabla hujaenda kwa watu."

"Mjomba," nikamjibu, "kutumia umeme na petroli kwa pamoja ni unafiki. Ni kama mtu anayeacha pombe juma zima halafu analewa Jumapili."

Mjomba akajikuna kidevu.

"Mimi hulewanga Jumapili," akasema.



Asubuhi nikakuta betri haijajaa. Mvua ilikuwa imenyesha, na mvua ikinyesha hapa kwetu stima, yaani umeme, huondoka bila kuaga. Mtu mwenye akili timamu angepita kituo cha petroli. Mimi nilifungua ramani kwenye simu na kuangalia mwinuko wa ardhi. Kakamega iko juu! Mumias iko chini! Kutoka kwetu hadi kwa akina Awinja, mchumba wangu, ndani ya miwa ukishapita Ekero, nchi inateremka kidogo kidogo. Nikaona nuru. Nikajiambia kwamba mteremko ni petroli aliyoiweka Mungu mwenyewe, na kwamba anayekwenda kituoni kununua nyingine hana imani.

Sasa lazima niwaeleze kilichokuwa hatarini, msije mkadhani nacheza. Awinja na mimi tumependana tangu chuoni. Baba yake, Mzee Okwara, alikuwa amekataa kuniona mara kadhaa, kwa sababu aliuliza nafanya kazi gani akaambiwa kwamba nashughulika na hewa. Leo ndipo alipokubali, kwa shingo upande, na alituma ujumbe kwamba hatarudia. Awinja alinipigia simu alfajiri.

"Ambetsa, nakuomba kitu kimoja. Fika kama watu wengine wanavyofika. Usilete somo."

Nikamwahidi.

Jambo jingine ni mama yake. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani ovyo. Hawashikani mikono, hawakai meza moja, na wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani apishe. Mama akisikia mkwe anakuja, hujifunika, huingia ndani na kutulia huko hadi apewe salamu zake kupitia kwa mtu mwingine. Ni heshima kubwa, na naiunga mkono kabisa. Ila ina sharti moja ambalo sikuwahi kulitafakari: mama lazima asikie.

Tukaondoka mimi na Senje Rasoa, dada yake baba, kwa sababu kijana hajipeleki ukweni kama mchuuzi wa sufuria. Senje alikuwa amevaa sare ya kwaya, amepakata sukari na leso mpya ya kujifunga ya mama mkwe, na tayari alikuwa akitokwa na jasho kwa kuwa nilikuwa nimezima kiyoyozi.

"Washa hiyo hewa," akasema.

"Inakula betri, Senje."

"Basi washa redio nisahau joto."

"Nayo inakula."

"Hii betri yako ina watoto wangapi, mbona inakula hivi?"

Papo hapo tukafika mteremko na kilomita zikaanza kuongezeka. Nilipaza sauti! "Senje, tazama! Tumepata kilomita mbili za bure!"

Senje akainama, akavaa miwani, akasoma kioo, akaivua miwani.

"Hata baba yako alikuwa akiteremka hapa kwa baiskeli bila kukanyaga," akasema. "Na hakuringa."

Tukaendelea hivyo. Kila palipokuwa na mteremko nilimfundisha Senje, na kila palipokuwa na mwinuko kilomita zilitoweka mara mbili ya zilivyokuja, nami nikanyamaza. (Huo ndio uadilifu wangu wa kisomi: hesabu nzuri naisoma kwa sauti, mbaya naisoma kwa moyo.) Nyuma yangu magari yakapiga honi. Trekta la miwa likatupita. Narudia: trekta, likiwa na miwa! Dereva wake alinipungia mkono kwa upole, kama unavyompungia mgonjwa. Nilimdharau pamoja na moshi wake.

Tulipoiacha lami baada ya Ekero, betri ilikuwa imebakiza punje. Mbele yetu palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa barabara nzuri ya changarawe, inayopanda hadi lango la mbele la Mzee Okwara, ambako wazee walikuwa wamesimama kutusubiri. Ya pili ilikuwa njia ya nyuma, katikati ya miwa, na kwa mujibu wa ramani iliteremka moja kwa moja hadi uani.

Nadhani mmekwisha kujua niliyoichagua.

"Hii ni njia ya ng'ombe," Senje akasema.

"Ni mteremko mtupu, Senje. Tukipanda ile ya mbele gari litazimika machoni pa wazee. Huku tutafika na nguvu ya ziada."

"Mkwe huingia kwa lango la mbele. Nyuma ndiko wanawake wanaogea."

"Tutapita polepole."

"Basi piga honi wajue."

"Honi inakula betri."

(Wahandisi mlioko humu, najua honi haili chochote cha kuonekana. Msiniandikie.)

Senje Rasoa akanyamaza. Hajawahi kunyamaza tangu nizaliwe, kwa hiyo nikageuka kuona kama ni mzima. Alikuwa ameshikilia kiti changu kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "wewe umesoma ukapitiliza."

Tukateremka. Na hapa niwe mkweli: kulikuwa na uzuri wake. Miwa huku, miwa kule, ardhi bado ina unyevu, na gari likishuka bila mlio wowote. Kuku hawakuruka. Mbwa aliyelala njiani alituona tulipomfikia, akajiondoa kwa aibu ya mlinzi aliyesinzia. Niliwaza, na nanukuu mawazo yangu ili mpate kunidharau kwa ushahidi: "Hivi ndivyo binadamu anavyopaswa kupita duniani, bila kelele, bila moshi, bila mtu yeyote kujua amepita."

Miwa ikaisha ghafla, tukawa uani.

Chini kabisa ya mteremko palikuwa na bafu la mabati, lile la kujengwa kwa miti minne na lisilo na paa. Kando yake jogoo mwekundu alikuwa amefungwa mguu kwenye kigingi. Juu ya mlango ilikuwa imetundikwa leso. Nililiona bafu, nikamwona jogoo, nikaiona leso, na bado jicho langu moja lilikuwa kwenye kioo, kwa sababu kilomita ilikuwa karibu kuongezeka. Ilikuwa inakuja! Sikutaka kukanyaga breki kwa nguvu, maana ukikanyaga kwa nguvu zinashika zile breki za kawaida na nguvu inageuka joto. Nilitaka mota imalize kazi yenyewe.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mtu aliyesomea haya analijua, nami nimewahi kulieleza mbele ya darasa zima: mota hurudisha nguvu vizuri gari likiwa kasi. Mwendo ukiwa mdogo, inachoka. Inaachia. Hapo ndipo breki ya kawaida inapohitajika. Nililikumbuka jambo hilo nikiwa hatua chache kutoka kwenye mabati. Nikakanyaga. Magurudumu yakasimama. Gari halikusimama, kwa sababu udongo wa huko ukilowa ni kama mrenda, ile mboga ya utelezi.

Tukateleza taratibu, kwa heshima zote, hadi pua ya gari ikaugusa mlango wa bafu. Ngo! Ulikuwa mlio mdogo tu, kama wa mtu anayebisha hodi.

Leso ikaanguka juu ya boneti.

Kutoka ndani ya bafu ukasikika ukelele ambao sitausahau. Kisha juu ya mabati ukatokea mkono wenye povu hadi kiwikoni, ukapapasa mahali ilipokuwa leso, haukupata kitu, ukapapasa tena, ukagusa bati la gari, ukaligonga kwa kucha, ukarudi ndani kwa kasi.

Nikaweka gia ya kurudi nyuma. Kioo kikaniandikia kwamba betri imekwisha. Injini, ile niliyoitukana, ikajaribu kuniokoa: ikakohoa mara moja kama mzee anayetaka kutoa nasaha, kisha ikakumbuka nilivyoinyima chakula, ikanyamaza.

Mlango wa bafu hufungukia nje. Gari lilikuwa limeuziba. Nyuma yetu mlima. Ndani ya bafu, mtu ambaye kwa desturi yetu sipaswi hata kumwona akila.

"Senje," nikanong'ona, "huyo ni nani?"

"Unadhani ni nani?" Senje akasema. Akafungua mlango, akashuka, akaegemea mti wa mpera, akacheka hadi miwani ikamdondoka. Alipopata pumzi, akaichukua leso mpya, ile zawadi ambayo hutolewa kwa hotuba na vigelegele, akairusha juu ya mabati. "Pokea, mama! Zawadi kutoka kwa mkwe! Imewahi kidogo!"

Kisha akapanda kilima kwenda kuwaita wanaume waliokuwa lango la mbele, ambako walikuwa wakiendelea kutega masikio wasikie gari.

Nikashuka. Nikaligeuzia bafu mgongo, nikaitazama miwa. Nilikusudia kubaki hivyo hadi nife.

"Wewe jogoo," ikasema sauti ya mama kutoka ndani.

Jogoo akainua kichwa. Nami nikashtuka, kisha nikaelewa. Mama hawezi kusema na mkwe moja kwa moja. Awinja hakuwapo, alikuwa jikoni upande wa pili, na redio ilikuwa ikiimba kwa nguvu. Mtu wa kati aliyepatikana ni huyo.

"Wewe jogoo, niulizie. Huyo aliyeziba mlango ni nani?"

"Jogoo," nikasema nikiitazama miwa, "mwambie mama ni Ambetsa. Wa Awinja."

Maji yakadondoka kwenye karai.

"Jogoo, ndiye yule wa hewa?"

"Jogoo, ndiye."

"Jogoo, muulize amekuja na nini. Mimi nilikuwa nimetega sikio tangu asubuhi. Gari ya mkwe huwanga na sauti. Hata huyu aliyeoa binti yetu mkubwa, yule wa Matete, gari yake ilianzanga kukohoa huko barabarani, nikaoga, nikavaa, nikajipaka mafuta, ndiyo ikafika."

"Jogoo, mwambie mama gari letu linatumia umeme."

"Jogoo, na umeme haupigangi honi?"

Jogoo akanitazama. Alitaka kulisikia hilo.

"Jogoo, mwambie anisamehe."

"Jogoo, mwambie nitamsamehe nikiwa nje. Asogeze."

"Jogoo, betri imeisha."

"Jogoo, na petroli?"

"Jogoo, sikuitia. Ni kwa sababu ya msimamo wangu."

Mama akajimwagia kopo la maji.

"Jogoo, muulize kama huo msimamo ndio umesimama mlangoni kwangu."

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga kinywa. Nilikuwa nimemwahidi Awinja. Lakini ndani yangu kuna mtu asiyevumilia kueleweka vibaya, na mtu huyo ana shahada. Nilihisi kwamba mama akishaelewa jambo lilivyo, atatambua kuwa kosa lilikuwa la udongo. Basi nikamsogelea jogoo, bafu likiwa bado mgongoni, nikapiga goti moja ili niwe naye sawa, nikaanza.

"Jogoo, sikiliza. Kila kitu kinachotembea kina nguvu ya mwendo. Hata wewe ukikimbia unayo. Sasa ukisimama ghafla, nguvu ile inaenda wapi? Eh? Inapotea! Lakini katika gari hili, jogoo, mota inageuka jenereta." Nikamwonyesha kwa mikono jinsi mota inavyozunguka. "Kwa hiyo tunapofunga breki hatupotezi, tunavuna. Mteremko ni shamba, jogoo. Breki ni mavuno. Unanielewa?"

Jogoo alinyamaza. Mama alinyamaza. Redio ya jikoni nayo ilikuwa imenyamaza, jambo ambalo ningepaswa kuligundua mapema.

Nikainua macho. Walikuwa wamesimama nusu duara: Mzee Okwara na koti lake la suti, wazee wenzake wakiegemea bakora, Senje Rasoa, na Awinja akiwa ameshika mwiko, mkono mwingine kinywani. Sijui walikuwa wamefika tangu lini. Wao pia walikuja kimya.

Mzee Okwara akanitazama pale chini nilipopiga goti.

"Endelea," akasema. "Alikuwa ameanza kuelewa."

Nikasimama, nikajipangusa goti.

"Mulembe, baba," nikamsalimia.

"Mulembe. Kijana, nikuulize, na ujibu polepole." Wote wakasogea. Hata Senje aliacha kucheka. "Umeona nini?"

Niliijua maana ya swali hilo. Mkwe akimwona mama mkwe katika hali isiyofaa, hakuna posa tena; kuna utakaso, kuna aibu ya ukoo, na kuna Awinja kuolewa na mtu mwingine mwenye gari linalokohoa.

"Baba, nimeona mkono. Hadi kiwikoni. Na povu."

Wazee wakatazamana.

"Povu si mtu," mmoja akasema.

"Povu si mtu," wakakubaliana, na suala hilo likaahirishwa hadi mama atoke.

Ili atoke, Maende, kaka yake Awinja, alileta ng'ombe wake wa kulimia. Akafunga kamba nyuma ya gari, akapiga mluzi, na gari la kisasa likatolewa bafuni kwa kwato. Nikaambiwa niingie nishike usukani na nifumbe macho. Nilifumba. Nikasikia mlango wa mabati ukifunguka, miguu yenye maji ikipita mbio, na mlango wa nyumba ukifungwa.

Kisha Maende akageuza kamba ili anivute kwa mbele hadi lango halali, nami niingie kama binadamu. Hapo ng'ombe wakagoma. Walivuta hatua mbili, wakasimama, wakageuka kunitazama.

"Shemeji, unakanyaga breki?"

"Hapana, shemeji."

"Mbona hii gari inavuta nyuma?"

Nikatazama kioo. Nilikuwa nimeiacha gia pale inaporudisha nguvu kwa wingi.

"Shemeji," nikasema kwa sauti ndogo, "gari linachaji."

"Linachaji na nini?"

"Na ng'ombe."

Maende akaiweka fimbo chini. Na papo hapo, nisameheni, kioo kikabadilika kutoka sifuri kuwa kilomita moja. Nilishangilia! Mbele ya wazee, mbele ya ng'ombe waliokuwa wakihema, nilipiga kofi usukani na kusema, "Moja!" Awinja akaingia ndani bila kusema neno. Nikaiweka gia mahali pa kuachia, nikakaa kimya, nikavutwa hadi langoni kama gunia.

Ndani tulikaa muda mrefu. Wazee walinena kwa Kiluhya cha ndani, wakinionyesha kwa kidole. Niliuona uchumba wangu ukipimwa kama nyama kwenye mizani ya mchinjaji asiyekupenda. Mzee Okwara akasema kwamba mtu aliyeingia boma kwa nyuma na kimya, kwa kawaida, hupigiwa kelele za mwizi. Mwingine akauliza kama hewa inaweza kulisha mtoto. Senje Rasoa, ambaye nilimtegemea anitetee, akasema, "Kichwa chake ni kizuri, tatizo ni kwamba anakitumia."

Ndipo Awinja akaja kutoka chumbani na ujumbe wa mama. Alisimama mlangoni, akausema alivyopewa, bila kunitazama.

"Mama anasema huyu kijana hakugeuza shingo. Anasema amekuwa na wakwe wengine, na hakuna aliyewahi kumheshimu mpaka akaongea na kuku. Anasema adabu anayo. Akili ndiyo hajaiona bado, lakini itakuja na umri." Akapumua. "Na anasema leso ni nzuri."

Sijawahi kusifiwa vibaya hivyo, na sijawahi kufurahi hivyo.

Mzee Okwara akakubali. Nirudi na baba yangu, akasema, posa izungumzwe. Chakula kikaletwa: obusuma, yaani ugali, na mrenda. Nikangoja. Mnajua kwetu mgeni asipowekewa ingokho, yaani kuku, ni kama ameambiwa aende zake. Mzee akaona macho yangu.

"Ingokho ilikuwepo," akasema. "Ni yule jogoo. Lakini sasa amekuwa mshenga wenu, na mshenga hachinjwangi."

Jogoo akawika huko nje. (Mnaona dharau?)

Maende alinipeleka Ekero kwa pikipiki na dumu. Nikainunua petroli mwenyewe, nikitazama pembeni kama mlokole aliyetumwa kilabuni kumwita mtu. Nilipoitia, injini iliwaka mara moja, bila kinyongo, na uwanja mzima ukapiga makofi. Hata mama, ndani, nilimsikia akipiga kigelegele. Sauti! Hatimaye mkwe ana sauti!

Nilikuwa naaga nilipomwona Mzee Okwara ameinama mbele ya gari la Mjomba na waya mkononi. Alikuwa akifunga kengele ya ng'ombe, ile kubwa ya shaba, chini ya taa.

"Hii ilikuwa ya fahali wangu," akasema. "Naye alikuwa ananyemelea watu. Itakaa hapa mpaka siku ya harusi. Ukija na petroli, ukija na stima, ukija na maombi, mama yenu asikie. Ukiitoa, usije."

"Baba," nikaanza, "kisayansi, magari ya umeme yanaweza kuwekewa..."

"Ambetsa," akasema Awinja.

Nikaingia garini.

Tumepanda hadi Kakamega kwa petroli, Senje akiwa amewasha kiyoyozi na redio kwa pamoja, kengele ikilia kila shimo. Lile trekta la miwa tulikutana nalo likirudi. Dereva alisimama kabisa, akazima injini, asikilize vizuri. Mjomba Lihanda alitupokea langoni kwake, akalizunguka gari lake, akaigusa kengele kwa kidole.

"Nilikuambia tia kidogo," akasema.

Nimejaribu kuandika haya kwa utulivu. Somo lipo, lakini nimekatazwa kuleta somo. Nawasihi jambo moja tu: kesho mkisikia kengele ya ng'ombe mjini na msione ng'ombe, pisheni, na msicheke. Ni mchumba anapita.